Mama mkwe alivyonikagulia maganda ya risasi sebuleni Edmonton

Wakuu, salaam kwenu wote humu. Ninachoandika kimetokea sebuleni kwangu, na mke wangu kakisoma kabla sijakipandisha. Sijaongeza chumvi.

Mimi ni dereva wa basi hapa London, nakaa Edmonton. Weekend nalenga shabaha kwenye klabu ya rifle. Kibali cha polisi ninacho, bunduki iko kwenye kabati la chuma, kwa hiyo wale wapenda kuripoti watu tulieni.

Ukishafyatua, ganda la shaba linabaki. Likiwa zima unaliosha, unalitia baruti na kichwa kipya, linatumika tena. Lenye ufa unatupa, maana linaweza kukupasukia. Kujua lipi zima lipi bovu ndiyo kazi yenyewe.

Sasa mama mkwe akaja kututembelea kutoka Pemba.

Jumamosi asubuhi kafungua oven anatafuta mkate wake. Kakuta maganda yangu mia mbili yanakauka, tena juu ya sinia aliyotuletea yeye zawadi.

"Yaa Latifu! Asha! Umeolewa na jambazi!"

Nikaeleza, hakutaka kusikia. Kuanzia hapo hakunisemesha. Tuko meza moja, chumvi iko mbele yangu, anamgeukia mke wangu: "Mwambie mumeo asogeze chumvi."

Siku tisa wakuu!

Tena akatangaza Jumapili anarudi Pemba, na Asha anarudi naye. Nikamtazama Asha anikingie kifua. Asha anakunja nguo zake. Niliogopa kwelikweli, mke wangu nampenda.

Nikamwita katibu wa klabu, mzee wa Kiingereza mwenye heshima zake, aje athibitishe kuwa huu ni mchezo tu. Akaja kafunga tai, na lensi, na maganda yake hamsini aliyoyachagua kwa ajili ya mashindano. Akatoa mhadhara nusu saa nzima, Asha anatafsiri, mama kageukia dirishani.

Mwisho katibu akayamimina mezani.

Mama akageuka. "Limo bovu humo."

Hapa mjue, mama huyu kauza vyungu sokoni miaka na miaka. Chungu hakitazami, anakigonga akakisikiliza.

Akachukua matatu, akayatikisa kiganjani karibu na sikio. Moja akalitupa pembeni. Katibu akatazama kwa lensi, haoni kitu. Akalipeleka kwenye taa. Ufa upo, shingoni, mwembamba kama unywele. Mzee wa watu akalegeza tai.

Mama akayapitia yote hamsini. Kumi na moja nje! Katibu anaandika kwenye notebook, anamwita "Madam", mama anamfokea anyamaze asimharibie usikivu. Na alinyamaza, jamani, bila kutafsiriwa.

Kisha akavuta bakuli langu, yale niliyokwisha kuyapitisha mwenyewe kuwa mazima. La kwanza nje. La pili nje. La nne nje.

Akasimama. Akanitazama mimi, machoni.

"We baba! Haya ndiyo ulitaka kuyatia baruti uyaweke karibu na uso wako? Mwanangu akae eda kwenye baridi hii?"

Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Nikajibu, "Hapana, mama."

Asha akainuka, akaenda chumbani kurudisha nguo kabatini.

Jumapili imepita, mama yupo. Kasema haondoki mpaka amalize, na katibu kashaleta mifuko mitatu ya wanachama wengine. Mimi sasa nasemeshwa moja kwa moja, kutwa nzima: viatu mlangoni, taulo kitandani, ninavyotafuna.

Nilichojifunza: macho peke yake hayatoshi kukagua ganda, na mama mkwe anayekufokea bado hajakukatia tamaa.

Wenye wakwe walionuna, semeni mliwarudisha vipi. Nitawajibu baadaye, naitwa huku, na safari hii kalitaja jina langu.