Kiraka Ndani ya Mandolini ya Clyde Caudill

Wenye mandolini, vigitaa vya nyuzi nane, za maelfu ya dola wana mafundi wao mjini, na Nelda Caudill hakuwahi kuwaonea wivu. Alikuwa na miaka sitini na sita, magoti mabovu na ulimi usio na breki. Katika kibanda nyuma ya nyumba aliyokaa na mama yake, kwenye kijito cha Pigeon Fork, mashariki mwa Kentucky, alitengeneza zile za bei rahisi tu: zilizoagizwa zamani kwa posta kutoka viwanda vya Chicago, zikanunuliwa kwa jasho la mgodini, zikapigwa kwenye dansi za Jumamosi mpaka rangi ikabanduka. Ukimwambia hiyo ni takataka, alikuonyesha mlango.

Jumanne moja Tabitha Slone, mwalimu wa shule ya msingi aliyemwita shangazi kwa heshima tu, alimletea moja iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Shangazi, usinicheke. Nimeikuta darini kwa marehemu babu."

"Nikucheke kwa nini? Babu yako mchungaji ndiye wa kuchekwa. Mandolini nyumbani kwa Enos Slone! Aliyetukataza hata kupiga mluzi!"

Tabitha akacheka, akaondoka kuwahi darasa. Nelda akafungua kitambaa na kuanza kazi ya kuitambua. Kichwani haikuwa na jina. Mgongoni mti wa kawaida, umechorwa mistari kwa rangi ili uonekane mti wa kitajiri. Chicago, kabla ya Vita Kuu ya Pili, dola sita hivi. Mgongo ulikuwa umeachana na ubavu, nyuzi zimeliwa na kutu. Akaitikisa, ikalia chakachaka: mkia mkavu wa nyoka-njuga, ule unaolia kama kengele, kama kawaida. Wapigaji wote wa kule huutia ndani, eti hufukuza panya na unyevu.

Akaingiza kioo kidogo cha daktari wa meno kwenye tundu la sauti, akamulika kwa tochi.

Chini ya tundu palikuwa na kiraka cha ubao wa sanduku la baruti, herufi zake nyekundu zimesimama kichwa chini.

Nelda aliketi bila kutazama nyuma. Bahati yake kiti kilikuwepo. Kiraka kile alikishikia taa akiwa na miaka tisa. "Baba, umekigeuza," alimwambia, na baba yake, Clyde, akajibu, "Sauti haijui kusoma, binti yangu." Ilikuwa mandolini ya baba yake.

Maana mandolini ile iliibwa. Oktoba ya mwaka 1969 ilitoweka ukutani, na Clyde akamshutumu kaka yake Nelda, Denzil, kijana wa miaka kumi na saba, kwamba ameiuza apate vipuri vya gari lake bovu. Denzil hakukiri wala hakukana. Clyde akamtupia nguo barazani. Denzil akapanda basi kwenda Ohio, akafanya kazi kiwandani huko Dayton, na hakukanyaga tena nyumbani, hata baba alipozikwa. Kila Krismasi alimtumia mama kadi yenye namba ya simu. Nelda hakuwahi kuzisoma. Kwa miaka hamsini na mitano alimwita kaka yake mwizi, tena mbele za watu.

Akaokota kitambaa ajifutie uso, ndipo akakiona vizuri. Gunia la unga lenye maua ya buluu. Gauni lake la kwanza la shule lilikatwa kwenye gunia hilohilo, na pindo lilikuwa la mshono wa mama, wa kurudia mara mbili. Akaibeba mandolini mpaka jikoni, ambako mama yake, Arminta, mwenye miaka tisini na mmoja, alikuwa akitoa nyuzi kwenye maharagwe mabichi.

"Mama. Hii nini?"

Arminta akaigusa kwa kidole. "Enos alisema ataichoma."

"Mama!"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi. Baba yako kila mwaka alikuwa anasema mwakani atabatizwa, mwakani. Na kwetu kanisani mtu haingii majini huku ana muziki wa dansi ukutani. Nikasema ikiondoka, ataingia. Nilitaka tuwe naye mbinguni, basi."

"Aliingia?"

"Unajua hakuingia."

"Na Denzil je?"

Arminta akavunja haragwe moja, akalirudisha ndani ya bakuli. "Nilidhani atarudi Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Ile ile. Halafu nikadhani ile ya pili."

Nelda alitoka akaubamiza mlango. Siku nne hakumsemesha mama yake ila kumwambia chakula tayari. Alipitisha kisu cha moto kwenye gundi ya zamani, akausafisha mgongo, akaubana kwa vibano kumi na viwili, akatia nyuzi nane mpya. Kiraka hakukigusa. Alipoipiga ilitoa sauti kavu, kali, ya kuchezesha watu, na Nelda akaona aibu mpaka kwenye mifupa. Akachukua kadi ya mwisho, akapiga simu.

"Denzil? Mimi Nelda."

"Mama amefariki?"

"Hapana, anakula kunishinda. Nimeipata mandolini ya Baba. Ilikuwa kwa Mchungaji Slone. Kaka, hukuiba wewe. Mama ndiye..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilimwona asubuhi ile akivuka daraja nayo, ameifunga kitambaa. Nikadhani anampelekea mtu aitengeneze."

"Ulijua? Kwa nini hukusema, Denzil? Nimekutukana maisha yangu yote!"

"Habari zilinifikia," akasema, akakohoa kidogo. "Baba alishaapa, aliyeichukua hatalala tena katika nyumba ile. Unamkumbuka alivyokuwa akiapa. Mmoja, mimi au Mama, ilikuwa lazima aondoke, Nelda, na wewe ulikuwa na miaka kumi na moja. Mimi hata kukusuka nywele nilikuwa sijui."