Sahani Niliyoshuka Nayo Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipimwa kabla ya kuulizwa jina. Ilikuwa asubuhi, Naro Moru, nje ya stoo ya kampuni moja ya kupandisha wageni Mlima Kenya. Mpishi mkuu, Mzee Kariithi, alikuwa ametundika kwenye boriti mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia ya viazi. Akanipitisha kamba kwapani, akanivuta mpaka miguu ikaacha ardhi.

"Sitini na mbili," akasema, akaandika kwenye kiganja chake. "Sasa unaitwa nani?"

"Ndirangu."

"Ndirangu, nikikupikia ovyo utaniangushia mayai ya wageni. Kwa hivyo nitakupikia kwa hesabu. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita."

"Inatosha. Ni kuzidisha tu."

Naandika haya nikiwa na miaka hamsini na tatu, kwa ajili yenu mnaobeba mizigo leo, na zaidi kwa walioacha kuibeba. Hesabu hiyo iliniokoa. Nilipoiacha, nusura inimalize.

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula, vile lita ilivyo kipimo cha petroli. Mzee Kariithi alitufundisha kwamba kila kilo ya mwili inachoma karibu kalori moja kwa saa, hata ukiwa umelala ndani ya hema. Kwa hivyo chukua kilo zako, zidisha kwa ishirini na nne. Mimi wa kilo sitini na mbili nilipata karibu elfu moja mia tano. Hizo aliziita za kulala. Kisha unazidisha tena kulingana na kazi. Mtu wa kukaa, mara moja na nukta nne hivi. Pota, yaani sisi wapagazi, anayepanda kwenye baridi na kilo kumi na nane mgongoni, mara mbili na nusu. Yangu ikafika karibu elfu tatu mia saba kwa siku. Mzee alisisitiza kwamba hayo ni makadirio. Siku ya tatu ya safari alikuwa anatuangalia mashavu, halafu anaongeza au anapunguza mwiko.

Ndiyo maana sahani yetu ilikuwa kubwa: chapati nne, ugali, maharagwe ya kukaanga, njugu za mfukoni, na chai ya maziwa yenye sukari kila tulipotua mzigo. Wageni walikuwa wakitupiga picha tukila. Mimi sikuona aibu. Nilikuwa nazichoma zote, na uzito wangu haukusogea miaka mitatu.

Halafu akaja meneja mpya wa stoo na safari, Bwana Gichohi. Namtaja jina kwa sababu yeye kosa lake hajawahi kulitaja. Alisimama mbele ya vyakula tulivyopanga chini, akavihesabu kwa kidole.

"Kariithi, hii chakula yote ni ya nani? Wageni ni wanne."

"Ya mapota, meneja."

"Ati pota mmoja chapati nne? Hata mimi sili nne."

"Kwani wewe unabeba nini, meneja?"

"Kalamu!" mmoja wetu akasema kutoka nyuma, tukacheka. Gichohi hakucheka.

"Chakula ni mzigo," akasema. "Nikitoa nusu ya chakula, natoa mapota wawili. Watu wa huku wamezoea kula kidogo."

Mzee Kariithi alimwekea hesabu yote mezani. Gichohi akaigeuza karatasi, akaandika upande wa pili orodha yake. Sisi mapota tulisikia, na hakuna aliyefungua mdomo tena. Hata mimi nimo katika hiyo orodha ya walionyamaza.

Tulipanda na nusu sahani. Siku mbili za kwanza mwili ulikula akiba yake. Siku ya nne, tukishuka ile sehemu ya matope inayosimama karibu wima, nikaona mikono inatetemeka na jasho baridi linanitoka. Goti likakunjika, nikaenda chini, na mzigo wote ukanigandamiza juu ya jiwe moja jeusi. Nilisikia mlio ndani ya goti kabla ya kusikia maumivu. Mzee Kariithi alininywesha chai yenye sukari karibu nusu kikombe, akaninong'oneza, "Si wewe umeanguka. Ni karatasi ya meneja."

Kwenye ripoti Gichohi aliandika: pota aliteleza kwa uzembe.

Sikukubali kuondoka mlimani. Goti liliposhika kidogo niliingia jikoni, nikawa msaidizi, kisha mpishi, na Mzee Kariithi alipostaafu nikawa mpishi mkuu. Miaka yote hiyo hakuna meneja aliyegusa sufuria ya mapota wangu. Nilijiapia pia kwamba mimi Ndirangu sitalishwa tena nusu sahani na mtu yeyote. Kiapo hicho ndicho kilichoniharibu.

Goti lilipokataa kabisa nikarudi nyumbani. Kazi yangu ikawa kukaa kwenye benchi nje ya duka la mke wangu, Nyawira. Sahani ikabaki ileile. Alipojaribu kupunguza nikafoka.

"Baba Njeri, hiyo si sahani, ni karai," alikuwa akisema. "Unapanda wapi leo?"

"Weka! Gichohi alinipunguzia, na wewe pia?"

Miaka sita hivi. Kisha Nyeri, kwa daktari wa mifupa, nikitembelea fimbo. Alitazama picha ya goti, akanitazama tumbo. "Mzee, hii goti naweza kubadilisha. Lakini uko kilo mia na kumi. Niletee tisini kwanza. Bila hiyo sikupasui, na hiyo fimbo utaizoea."

Akanituma kwa sista wa lishe, Wanja. Aliniuliza ninachokula kwa siku, akapiga hesabu: karibu elfu tatu mia saba. Namba hiyo nilikuwa naijua kama jina langu. Nikaomba kalamu. Mia na kumi mara ishirini na nne, mara moja na nukta nne. Elfu tatu mia saba kasoro kidogo. Nikaelewa. Kwa miaka sita mwili wangu ulikuwa unanenepa kuitafuta ile sahani, mpaka ukapata mtu mkubwa wa kuitosha, hata akiwa amekaa. Nilipikia mapota kumi na wawili kwa hesabu na sikuwahi kujipima mwenyewe. Gichohi alilivunja goti. Aliyelimaliza ni mimi, na jina langu naliandika hapa chini ya lake.

Sista alisema nitoe mia tano kwa siku, nisijinyime zaidi, na kila nikipungua kilo tano nihesabu upya, kwa sababu mwili mdogo unahitaji kidogo. Nilianzia yasiyoonekana: sukari ya chai, na mafuta, maana kijiko kikubwa kimoja ni kalori mia na ishirini. Chapati zikawa mbili, kisha moja. Kuna wiki mizani haikusogea hata kidogo. Sikuacha.

Mwezi uliopita, nikiwa kwenye foleni ya kupimwa, mzee mmoja mnene akanigusa bega.

"Si wewe ni Ndirangu wa jikoni? Ati sista anataka nihesabu kalori. Kariithi alikuwa anafanyaje?"

Alikuwa Gichohi. Ningeweza kumpa nusu ya hesabu yake. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Kilo ngapi?"

"Mia."

Nikamhesabia polepole: za kulala, za kukaa, toa mia tano. "Karibu elfu mbili mia tisa."

"Nyingi hivyo?"

"Ndizo zako. Mtu hakatwi nusu, meneja. Anaanguka."

Akaitazama fimbo yangu. "Hiyo goti ni ya ile siku?"

"Ni ya ile siku."

Nilingoja. Jina langu likaitwa. Nikapanda mizani. Tisini na mbili.

"Bado mbili, mzee," sista Wanja akasema.

Kilo mbili ni kama wiki nne za kutoa mia tano kwa siku. Nikishapasuliwa na kupona, nitayapanda tena yale matope, na chakula changu nitakipima mwenyewe, mpaka nilifikie lile jiwe jeusi nilikalie nikinywa chai.