Usiku wa Mchana wa Kiilu

Kiilu alikuwa karani wa kupima kahawa huko Ruiru. Kila Jumapili baada ya kanisa alipanda baiskeli mpaka kwetu, kambi ya mkonge mashariki ya Thika, kutafuta hadithi. Wanaume wengine siku hiyo walitafuta pombe ya miwa. Yeye alitafuta fisi na sungura, tena na tai shingoni. Mkewe alikuwa mvumilivu kuliko hiyo baiskeli.

Hadithi alizotaka ni zile za mpakani, za wakati Wakamba na Wakikuyu walikuwa wanavuka mto kubadilishana mbuzi na mabinti, na siku nyingine mikuki. Miaka hiyo ya Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nani alikuwa na haja nazo? Serikali ilikuwa imetupatia hadithi mpya, za vipande vya kujitambulisha na kafyu.

Moja ndiyo ilimnyima raha: ya fisi aliyejua lugha mbili. Susu wake, ndivyo Wakamba wanamwita nyanya, alimsimulia akiwa mdogo, lakini kila mara alishikwa na usingizi kabla haijaisha. Susu akafa, akaenda na mwisho wake. Aliyebaki akiujua ni jirani yangu Kalondu, Mkamba aliyeolewa kwetu Wakikuyu, mjane, kifua chote kikohozi. Na mwanawe Makau alikuwa anakuja Jumatatu kumchukua ampeleke Kitui. Mgonjwa wa namna ile hapelekwi Kitui ili arudi.

Basi Jumapili hiyo ya mwisho Kiilu alifika jua likiwa utosini, akatoa kalamu.

"Susu, nisimulie ya fisi."

"Saa hii?" Kalondu akasema. "Na jua hili? Mbuzi wa kambi nzima wapotee, halafu waseme ni mimi?"

Kila mtoto anajua hadithi haisimuliwi mchana. Mbuzi hupotea malishoni. Kiilu alijua pia, ila alidhani kwa kalamu atasamehewa.

"Susu, hayo ni mambo ya zamani."

"Na wewe umekuja kutafuta gani? Ya kesho?"

Usiku nao haungewezekana. Kafyu ilianza jua halijazama vizuri, na watu watatu wakikutwa nyumba moja wakinong'ona, kazi wanayo. Mwambie askari mlikuwa mnaongea habari za fisi! Angetaka jina la fisi, na kipande chake, na nani alimlisha kiapo cha msituni.

Kiilu akakaa kwa jiwe langu, akafungua tai. Sisemi nilimhurumia. Nilichoka tu kuona mwanaume mzima akinilowesha mlango kwa machozi.

"Basi tutengeneze usiku," nikasema.

"Usiku unatengenezwaje, Mama Waithira?"

"Inuka kwa jiwe langu utaona."

Tukaingia kwangu. Nikafunga mlango, nikaziba nyufa kwa magunia, nikafunika makaa na majivu. Kuku pia niliwaingiza, maana Kalondu alisema haamini giza la mtu: kuku wakilala, huo ni usiku. Wakapanda ubao wao mmoja mmoja, wakanyamaza. Kalondu akakohoa, akafungua mdomo.

Jogoo akawika.

"Kumekucha," Kalondu akasema, akaufunga.

Ngai! Kiilu, karani na mzee wa kanisa, alimfukuza yule jogoo gizani kwa koti la Jumapili, akinikanyagia vyungu. Tukamtupa nje, tukaanza usiku upya. Sasa bwana karani akawasha kiberiti aandike.

"Umeleta jua kwa mfuko?" Kalondu akamwuliza. "Zima. Kalamu haina masikio."

Akazima. Ndipo tukasikia. Fisi akifika kwa Wakamba alibisha kwa Kikamba, akafunguliwa, akala. Akifika kwa Wakikuyu alibisha kwa Kikuyu, akala. Siku moja akafika kwa mume Mkikuyu na mke Mkamba. Akasimama mlangoni. Aanze na lugha gani?

"Hapo ndipo nililala," Kiilu akanong'ona.

"Basi usilale tena."

Fisi akafikiri, akafikiri, mpaka asubuhi. Wale wawili wakifungua mlango waende shamba, wakamkuta bado anafikiri. Kila mmoja alimtukana kwa lugha yake, lakini mchi wa kumpigia ulikuwa mmoja.

Kiilu alicheka kama mtoto, halafu nikasikia akipenga kamasi. Kulikuwa giza, kwa hivyo mimi sikuona kitu.

"Sasa nirudishie," Kalondu akasema. "Hiyo siendi nayo Kitui."

Kiilu akaanza kusema kama anayesoma matangazo ya kanisa.

"Fisi wako alibatizwa lini?" Kalondu akamkatiza. "Rudia."

Akarudia, akakatizwa, akarudia tena, mpaka fisi mdomoni mwake akalia kwa njaa ya kweli na kuku wote wakaanguka kutoka ubaoni.

"Huyo sasa ndiye," Kalondu akasema. "Fungueni, nipumue."

Makau alikuja Jumatatu, akamchukua. Habari za msiba zilitufikia mvua ikianza.

Jumapili baada ya habari hizo Kiilu akaja. Alikuwa ameiandika yote kwa mwandiko mzuri, wa kuwekwa ukutani. Akakaa kwa jiwe langu, jua kali, akataka anisomee nimwambie kama ameacha kitu. Akasafisha koo.

Nilimwonyesha tu mbuzi wangu kule mteremkoni.

Hakubishana. Aliingia ndani mwenyewe, akaanza kuziba nyufa kwa magunia. Na kabla hajawaita kuku, alimshika jogoo, akamtoa kwanza.