Mashine ya Kuteremka

Mashine yetu ilikuwa na mwili wa kopo la maziwa ya unga lililopasuliwa, magurudumu manne ya vifuniko vya chupa, na mota iliyotolewa kwenye redio kaseti iliyokufa. Mwalimu wetu wa fizikia aliiita roboti. Mama yangu aliiita takataka, akanionya nisithubutu kuisogeza karibu na unga wake wa vitumbua. Mimi na mwenzangu tuliiita Bibi, kwa sababu ilikwenda polepole, ilikoroma, na haikupenda kuharakishwa.

Mwenzangu alikuwa binti wa Kihindu wa Mchafukoge, akikaa ghorofani na wazazi wake na bibi yake. Baba yake alikuwa na duka la spea za redio Kariakoo, na mota ya Bibi ilitoka kwenye boksi la vitu vibovu lililokuwa chini ya kaunta yake. Mimi nilikuwa mtoto wa Magomeni, wa nyumba ya vyumba sita na wapangaji wa kila aina. Tulikuwa darasa moja, lakini urafiki wetu ulianza pale mwalimu alipotuchagua sisi wawili kuingia mashindano ya mashine za wanafunzi. Kanuni ya mashindano ilitaka wawili kwa kila mashine, na mashine itengenezwe kwa vitu vilivyokwisha kutupwa. Ilipaswa kubeba kikombe cha maji kutoka mstari mmoja wa chaki hadi mwingine, bila kuguswa na mkono wa mtu. Maji yakifika mengi, pointi nyingi.

Ile kanuni ya watu wawili niliipenda kuliko sayansi yenyewe. Mama yake mwenzangu hakuwa mtu wa kumwachia binti yake azurure mjini. Alimruhusu kuja kwetu Jumamosi kwa sababu moja tu, kazi ya klabu ya sayansi ya shule, na kazi ilifanyika kwetu kwa kuwa ghorofani kwao hapakuwa na nafasi ya kuviringisha hata bajia. Kwetu kulikuwa na korido ndefu ya saruji, kuanzia mlango wa mbele hadi uani. Mvua ikijaza maji bonde la Jangwani, kati ya kwao na kwetu, hapakuwa na kupita, na mimi siku hiyo nilinuna mpaka jioni.

Akija, alibeba chupa yake ya maji. Kwao kila kikombe kilikuwa na mwenyewe, na bibi yake alikuwa mkali mno kwa mambo ya kunywa na kula nje. Mama yangu alijua hayo, lakini hakuacha uchokozi.

"Shikamoo mama," mwenzangu alikuwa akisema mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Leo pia umekuja na bomba lako la maji?"

Mwenzangu alicheka hadi machozi, kisha akakaa chini sakafuni na kuanza kufungua skrubu. Alikuwa na mikono mitulivu sana. Mimi nilikuwa na mdomo. Yeye aliunga waya, mimi nilitoa amri, na wapangaji wakiruka juu ya Bibi wakienda chooni nao walitoa amri zao.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Kariakoo iliyokuwa na rafu tupu sasa ilimwaga vitu mpaka barabarani: redio mpya, saa za rangi, na magari ya watoto yanayoendeshwa kwa kidude cha mkononi bila waya. Baba yake mwenzangu aliyapanga dirishani, na watu wazima wenye familia zao walisimama kuyatazama. Sisi tuliyadharau kwa sauti kubwa, kisha tukarudi kuyatazama tena.

Kumbe hata walimu wa kamati ya mashindano walikuwa wanayatazama. Mwalimu wetu alituletea habari darasani, wiki chache kabla ya mashindano. Kamati ilikuwa inafikiria kubadili kila kitu. Mwaka unaofuata huenda kila shule ikapewa seti moja ya mashine ya kisasa kutoka nje, iliyokamilika na mota na kidude chake. Mashindano yangehamia mezani, watazamaji waone vizuri. Na kwa kuwa kidude ni kimoja, mshiriki naye angekuwa mmoja.

"Bado hawajakata shauri," alisema. "Watatazama mashine za mwaka huu kwanza. Wakiona makopo yetu bado yana maana, watayaacha yaendelee."

Mwenzangu alinitazama, nami nikamtazama. Mshiriki mmoja maana yake hakuna kazi ya klabu Magomeni, na bila kazi ya klabu hakuna Jumamosi.

Tulimfanyia Bibi kazi kama watu wanaosimamia harusi. Kwenye korido alitembea vizuri kabisa, kikombe chetu cha plastiki kikiwa kimejaa hadi alama, kutoka mlango wa mbele hadi kizingiti cha uani. Kila mara alifika. Mpangaji mmoja fundi cherehani alisema hajaona chombo chenye adabu kama kile, na mimi nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Mashindano yaliangukia mwezi wa Ramadhani, nami nilikuwa nimefunga. Ukumbi ulijaa. Mama yake mwenzangu alikaa safu ya mbele, amevaa sari ya kijani, mkoba magotini. Kamati ilikaa pembeni na nyuso za watu wasiotaka kusomwa. Zamu yetu ilipofika tulimweka Bibi kwenye mstari, tukajaza kikombe, mwenzangu akawasha.

Bibi alikoroma. Hakusogea.

Alikoroma zaidi, akatetemeka, maji yakacheza kikombeni, magurudumu yakabaki palepale. Nilisikia watu wanaanza kucheka. Nikaitazama sakafu ya ukumbi ule, terazo iliyonyooka tambarare, na hapo ndipo nilipoielewa sakafu ya kwetu. Nyumba za Kiswahili huinamishwa sakafu kidogo kuelekea uani, ili ukipiga deki maji yatoke yenyewe. Nimepiga deki korido ile tangu niko mdogo, nikisukuma maji yale kwa fagio kila asubuhi, na haikunijia akilini kamwe. Wiki zote zile Bibi alikuwa anateremka. Tulikuwa tumetengeneza mashine ya kuteremka.

"Mzito," nilimnong'oneza mwenzangu. "Maji yamemzidi. Sakafu yetu ina mteremko!"

"Tupunguze maji."

"Mkono hauruhusiwi!"

Alifikiri kidogo tu. Kisha akapiga magoti, akaweka mikono nyuma mgongoni, akainama na kukifikia kikombe kwa midomo. Akanywa. Kanuni ilikataza mkono, haikusema neno kuhusu mdomo. Alikunywa funda moja, akamtazama Bibi. Hakuna. Akanywa la pili. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama, na mimi niliyefunga nilisimama pale koo limekauka, siwezi kumsaidia hata tone. Alipokunywa zaidi ya nusu, Bibi alijivuta kidogo, akasita, halafu akaondoka.

Watu walishangilia kama goli limefungwa. Bibi alifika na maji ya kulowesha ulimi, tukawa wa mwisho kwa pointi. Lakini mimi sikuwa natazama ubao wa pointi. Nilikuwa namtazama mwanamke wa sari ya kijani, aliyemwona binti yake akinywa kwenye kikombe cha Magomeni mbele ya umma. Aliinuka, akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Kamati ilibadilisha. Nadhani hata mimi ningebadilisha, baada ya mashine inayohitaji kunywewa maji yake. Mwaka uliofuata ilikuja seti ya nje, ndani ya boksi lenye picha, na mwalimu akamchagua mwenzangu, kwa ile mikono yake. Alikuwa sahihi, na niliumia vibaya. Jumamosi zilikuwa zimekwisha. Tulionana darasani tu, tukaongea mambo ya darasani. Nilipopiga deki nilisukuma maji kwa hasira, mama akaniuliza sakafu imenikosea nini.

Siku ya mashindano Ramadhani ilikuwa imeshapita. Nilienda, ingawa nilijiapiza sitaenda. Nilikaa nyuma kabisa, nimekunja mikono, namwomba Mungu ile seti iungue. Haikuungua. Ilipita mezani kimya, bila kukoroma, kikombe kimejaa hadi alama, na kikombe tu ndicho kilichosalia cha zamani. Kilikuwa chetu kilekile cha plastiki. Sijui alikiomba lini kwa mama yangu. Halikumwagika hata tone. Walimpigia makofi ya heshima, akatangazwa wa kwanza.

Hakubaki mbele kupokea mikono ya kamati. Alichukua kile kikombe kwa mikono miwili, akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti akitembea polepole kama Bibi, asimwage. Akafika nilipokaa. Akanywa funda moja, akaninyooshea.

"Kunywa," alisema. "Leo hujafunga."

Nilikunywa huku nalia, maji yote, hadi chini. Nilipoinua uso mama yake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shikamoo," nilisema, kikombe bado mkononi.

"Marahaba." Alitutazama, akakitazama kikombe, kisha akamgeukia binti yake. "Mashine ile ya makopo ilikwisha, si ndiyo? Sasa Jumamosi kule Magomeni mtafanya nini?"

Mimi mwenye mdomo nilikificha kikombe nyuma ya mgongo.

"Basi uwe umerudi kabla ya magharibi," mama yake alisema. "Na hiyo chupa ya maji uache nyumbani, inakuzidi uzito."