Marekebisho Madogo

Redio yetu ya Lushoto ina watangazaji watatu na kompyuta moja, na kati ya hao wanne ni kompyuta tu isiyochelewa kazini. Inaendeshwa na programu ya bure, iliyoandikwa na watu wa kujitolea tusiowajua, kila mmoja na nchi yake. Hupiga kila kitu kwa saa tuliyoipangia: matangazo ya vifo saa moja asubuhi, nyimbo za mapenzi saa saba usiku, wacha Mungu wakiwa wamelala.

Kila toleo lina namba tatu. Ya kwanza ikibadilika, kaa chonjo, nyumba imejengwa upya. Ya mwisho ikibadilika, wamepigilia misumari tu. Basi ilipotoka 3.2.1, yenye maelezo ya maneno mawili, "marekebisho madogo", nikaiweka bila wasiwasi, nikapanga tangazo la kifo cha shangazi yangu, nikaenda msibani Rangwi. Mazishi yalikuwa kesho yake, saa saba mchana. Ndugu wote walipigiwa simu isipokuwa baba mdogo, anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, ambaye shamba lake la viazi huko Shume halishiki mtandao. Yeye aliachiwa redio, na redio ni mimi. Asubuhi wenzangu wawili nao wakaja kuzika, studio ikabaki na kompyuta.

Sikujua kwamba muungwana mmoja, kwa kukipenda Kiswahili, alikuwa ameifundisha programu saa zetu. Sisi tuliandika 7:00 kwa maana ya saa moja asubuhi, kama kompyuta zinavyotaka. Sasa ikaisoma saa saba mchana. Na 1:00 ya usiku, ile ya mapenzi, ikawa saa moja asubuhi. Wazo zuri sana. Lilistahili namba mpya mbele, na tarumbeta juu yake.

Baba mdogo alifika jioni, viatu vimejaa udongo wa shamba, kaburi limeshafunikwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akakaa mkekani. "Asubuhi nilifungua redio. Mkapiga mapenzi mpaka nikacheka, nikasema leo wote wazima. Nikaenda nayo shambani. Saa saba ikasema dada anazikwa saa saba."

Niliwaandikia watu wa programu kwa hasira ambayo mpaka leo sioni haja ya kuiombea radhi. Mmoja akajibu kwa upole kwamba badiliko lenyewe lilikuwa mistari michache tu, tatizo liko wapi? Nikamtafsiria maneno ya baba mdogo, bila kuongeza kitu.

Toleo lile liliondolewa, likarudi likiitwa 4.0.0, na juu kabisa ya maelezo yake: "Saa zimebadilika. Soma kabla ya kuweka." Ningeyaona maneno hayo siku ile, ningebaki na programu ya zamani mpaka tumalize kuzika, na mtu angewahi kumtia dada yake udongo.