Kikombe Cheupe Chini ya Silanga

Pale Kyumbi, barabara inapokata kuelekea Machakos mjini, wanawake wanaouza mboga hufunika sukuma wiki kwa magunia ya katani na kuyanyunyizia maji ili majani yasinyauke. Nikishuka pale kununua nyanya, harufu ya katani iliyoloa hunifikia kabla sijauliza bei. Nageuka, naenda kununua kwingine. Wale wanawake wananiona mtu mwenye madharau, nami sijawahi kujitetea. Leo acha nikuambie wewe.

Sisi ni watu wa upande wa Kola. Mashamba yetu yalikuwa bondeni, na juu ya bonde palikuwa na silanga, maana ndivyo tulivyoliita bwawa letu. Ukuta wake ulikuwa wa udongo mtupu. Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba huitwa susu, aliubeba udongo ule kichwani akiwa msichana, enzi za wakoloni, kisha ng'ombe wakaswagwa juu yake siku nyingi waushindilie kwa kwato. Aliuonea fahari ukuta ule kuliko baadhi ya watoto wake, na sitanii. Baba yangu ni mmoja wa hao watoto. Alifanya kazi kiwandani Athi River, na tulimwona mwisho wa mwezi, akija na mkate na visingizio.

Pembeni mwa ukuta paliachwa nafasi makusudi, chini kidogo kuliko ukuta wenyewe, ili maji yakizidi yatoke na kwenda zao mtoni. Tulipaita mdomoni. Na kule chini, kwenye kitako cha ukuta, katikati ya nyasi zisizokauka hata kiangazi, palichuruzika maji membamba. Susu alisema silanga yoyote ya udongo hutoa jasho, na jasho halina neno. Cha kuangalia ni rangi yake. Likiwa safi, ukuta ni mzima. Likija na udongo, basi maji yameanza kuula ukuta kutoka ndani, na shimo hilo hakuna atakayeliona mpaka siku litakapojionyesha lenyewe.

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule tulienda wote wawili. Nilishuka kwenye nyasi na kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, nikakinga maji, na susu akaniuliza swali lile lile.

"Wajina, hayo maji iko namna gani?" Aliniita wajina kwa sababu nilipewa jina lake, Ndunge.

"Ni safi, susu."

"Unaona mpaka chini?"

"Naona."

Ndipo alipokichukua kikombe, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa muda, akasema, "Haya. Ni safi," kisha akamwaga. Nilidhani ananipima, kama mwalimu anayeuliza jambo ambalo jibu lake analo tayari.

Kisha ukaja ukame, miaka miwili mfululizo. Silanga ikabaki tope lenye nyayo za mbuzi. Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha wanawake ambao husaidiana kazi za kijiji huku wakiimba, na sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo zote. Mwezi wa nane wanawake walikubaliana kuziba mdomo wa silanga, ili mvua ikija lisipotee hata tone. Walijaza udongo kwenye magunia ya katani. Mimi nilishika midomo ya magunia, mama akashona kwa ile sindano kubwa, na mikono yangu ikanuka katani wiki nzima. Nilijiona mtu mzima.

Mvua iliyokuja ilikuwa ile ya Elnino. Nadhani sihitaji kukueleza zaidi. Mwanzoni watu walicheza uwanjani wakiwa wamelowa chepechepe. Mama alipanda mishiri chini ya ukuta, yale maharagwe membamba ya kupelekwa ng'ambo, akaniahidi kwamba tukishachuma nitapata rinda la Krismasi lenye mikunjo mitatu. Lakini mvua haikuacha. Silanga ilijaa, ikapita alama ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikipitwa, na maji yakabakisha shibiri moja kufika juu ya ukuta. Magunia yalikaa pale mdomoni, yameloa, yamenona.

Jumapili moja baada ya kanisa, susu aliwaita wanawake wote juu ya ukuta. Alisimama na fimbo yake, uso ameelekeza majini.

"Toeni hayo magunia," alisema. "Hii maji inataka mahali pa kupitia."

Mama alimjibu kwa heshima, kama inavyompasa mke wa mwana, akimwita mwaitu, yaani mama, lakini alimjibu. "Mwaitu, miaka miwili tumebeba mitungi mpaka migongo ikaota sugu. Leo Mungu ametuletea maji, halafu sisi tuimwage?"

Wanawake walipiga vigelegele. Tafadhali usiwahukumu. Mtu aliyewahi kukaa kwenye shimo la mchanga mtoni tangu jogoo la kwanza akingojea mtungi mmoja ujae, mikono yake haikubali kufungulia maji yaende bure.

Susu alipoona yuko peke yake aliomba jambo moja tu. Siku kikombe kitakapotoka na udongo, magunia yatolewe siku hiyo hiyo, bila mkutano. Mama alikubali mbele ya watu wote. Kuanzia siku ile hawakusemezana. "Mwambie susu yako chai iko tayari," mama aliniambia, na susu ameketi hapo hapo, mkono wake ungeweza kuifikia birika. Nilikuwa nikicheka pembeni.

Asubuhi ya Alhamisi nilishuka kwenye nyasi na kikombe. Yale maji membamba hayakuwa membamba tena. Yalitoka unene wa kidole gumba, na yalikuwa na sauti, ndogo, ya kitu kinachonyonya. Nilikinga. Kikombe kikajaa rangi ya chai ya maziwa. Nikamwaga, nikakinga tena, na rangi ikawa ile ile.

Susu alikuwa amesimama hatua mbili juu yangu, mkono ameunyosha.

"Wajina, hayo maji iko namna gani?"

Niliwaza mama akiyatoa magunia yake moja moja mbele ya wanawake waliompigia vigelegele. Niliwaza rinda pia, sitaki kukudanganya.

"Ni safi, susu."

"Unaona mpaka chini?"

"Naona."

Akakichukua, akakiinua. Nilingoja kofi. Alikitazama muda mrefu kuliko siku zote, halafu akasema, "Haya. Ni safi," akamwaga ile chai ya maziwa miguuni pangu. Nilishangaa, kisha nikafurahi. Kama susu mwenyewe ameiona na hakusema neno, basi kumbe hiyo siyo rangi mbaya aliyokuwa akiiogopa! Nilienda shule nikiruka vidimbwi.

Saa sita mchana, tukiwa darasa la nne, tulisikia mlio mrefu ambao haukuwa radi. Chaki ya mwalimu ilisimama ubaoni. Shule iko mlimani, kwa hiyo tuliona kila kitu. Ukuta haukuanguka kutoka juu. Tundu lilifunguka chini, pale pale nilipokuwa nikiweka kikombe, kisha ukuta ukaketi polepole ndani ya tundu lile, na silanga nzima ikatoka. Mama alikuwa kwenye mishiri.

Walimkuta kwenye ua wa makonge, ameyakumbatia, mguu wa kulia umepondwa na jiwe. Hakufa mtu, na hilo watu walilitaja kanisani. Lakini bonde lilikwanguliwa mpaka mwamba, na hadi leo halioti kitu. Kijiji kilisema ni magunia ya Mama Ndunge. Mama mwenyewe alisema hivyo. Aliacha uenyekiti, na sijamsikia akianzisha wimbo tena. Nilitarajia susu aseme, "Si niliwaambia?" Hakusema. Alisimama kando ya kitanda cha mama hospitalini akamwambia, "Kikombe kilitoka safi. Hata mimi niliangalia."

Miaka miwili baadaye nilimsindikiza susu mjini kupasuliwa mtoto wa jicho. Daktari alishangaa alivyokuwa akitembea. Alisema macho yale yalikuwa yamezibika muda mrefu, tangu kabla ya mvua ile, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo huona mwanga tu, mengine yote ni moshi. Nilikaa kwenye benchi la hospitali. Lile swali la kila asubuhi halikuwa mtihani. Susu alikuwa akiuliza kwa sababu hakujua. Aliificha hali yake, maana nani angemsikiliza kipofu akizungumza habari za ukuta? Macho ya kijiji kizima yalikuwa mimi.

Siku bandeji ilipotolewa tulirudi nyumbani, na mama akatoka kutupokea akichechemea. Susu aliutazama ule mguu kwa mara ya kwanza. Kisha akaniomba maji katika kikombe cheupe. Nilimletea. Akakiinua juani, akakitazama, akanitazama mimi.

"Kumbe safi iko hivi," alisema. Akanirudishia kikombe. "Kunywa, wajina."

Nilikunywa yote. Mama akauliza tunaongea nini, na susu akamjibu, "Maji tu."

Susu alishakwenda zake. Mama yuko hai, na mvua ikinyesha mguu humuuma, naye huusugua akisema taratibu, "Ni magunia yangu." Mwezi jana alisema hivyo tukiwa tumeketi jikoni wawili tu, bati likilia kwa mvua. Nilifungua kinywa nimwambie. Akageuka kunisikiliza, na mimi nikamuuliza kama nimwongezee chai.