Namba ya Mguu wa Mama Lusungu

Saa moja kasoro robo asubuhi, Benedicta Mwalongo amekaa juu ya tofali nje ya geti la yadi ya makontena, Kurasini, akipambana na mguu wake wa kulia. Malapa aliyotoka nayo nyumbani, Mtoni Kijichi, yameshaingia kwenye mfuko. Sasa ni zamu ya buti, zile zenye chuma mbele, na buti haitaki.

"Asubuhi huwaga inaingia bila shida. Leo nayo imegoma," anasema, kisha anacheka kwa hasira. "Sijui mguu ndio umekua au buti ndiyo imesinyaa."

Benedicta, ambaye wenzake humwita Mama Lusungu, ana miaka arobaini na minne. Ni karani wa kuhesabu mizigo. Kutwa nzima anazunguka juu ya zege linalochoma, safu hadi safu, akisoma namba za makontena. Kila moja ina herufi nne na tarakimu saba, na kwa miaka tisa hajakosea hata mara moja. Namba iliyomshinda ni ya mguu wake mwenyewe.

Leo saa kumi jioni ndiyo mwisho wa kurudisha fomu. Kampuni inagawa buti mara moja kila baada ya miaka miwili, na kila mfanyakazi anaandika namba anayovaa. Fomu ya Benedicta imo kwenye mfuko wa riflekta, kile kizibao chake cha kung'aa, imekunjwa mara nne, tupu.

Mara ya mwisho aliandika thelathini na nane bila kufikiri, maana ndiyo namba yake tangu usichana. Buti zikaja, zikamkaa vizuri kuliko viatu vya kanisani. Ilipofika saa nane mchana miguu ikavimba, kama inavyovimba kila siku tangu ajifungue mtoto wa mwisho. Mwezi wa tatu wa kuzivaa, ukucha wa dole gumba ukang'oka.

Akaamua kuzivua. Siku moja baada ya chakula alivaa malapa kimyakimya na kurudi kwenye safu. Chuma cha kufungia makontena kikamponyoka kibarua na kutua kwenye zege, nafasi ya kidole kimoja tu kutoka mguuni mwake.

"Nilikiona kinashuka. Nikakaa chini nikalia, na wala sikuumia," anasimulia.

Tangu siku hiyo anavumilia, anachechemea. Bila buti za kampuni haruhusiwi kupita getini, na asipopita, siku hiyo halipwi.

Ushauri amepewa wa kutosha, na ndio unaomchanganya zaidi. Hospitali walimwambia avae viatu laini na vipana. Mumewe, Mwalimu Adelard, anasema aandike arobaini, mguu upumue. Erasmus, mtunza stoo anayekusanya fomu, hataki kusikia hilo.

"Mama Lusungu, buti kubwa itakuangusha kwenye ngazi," anamwonya. "Mie nimeshaona watu."

Benedicta anashika kichwa. "Wote wanaongea kweli. Sasa mie nifuate ukweli wa nani?"

Saa tisa alasiri anatoka mpaka kwa Mzee Fakihi, fundi viatu aliyeweka kibanda chake ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mguu bado unakusumbua?"

Anamweleza habari ya fomu. Mzee anaweka sindano chini. "Hiyo thelathini na nane ulipima saa ngapi?"

Benedicta anainama kuvua buti. Hajawahi kuulizwa.

"Kiatu cha kazi kinapimwa jioni, mwanangu. Asubuhi mguu unakudanganya."

Anaupima wa kushoto: thelathini na tisa. Anaupima wa kulia: arobaini. Anarudia. Ni vilevile.

"Yesu wangu," Benedicta anasema. "Nimekuja na tatizo moja, naondoka na mawili. Na fomu ina mstari mmoja!"

Saa kumi kasoro dakika tano anaingia stoo, anaitandaza fomu sakafuni na kuigeuza upande usio na maandishi. Anavua buti na soksi, anasimama juu ya karatasi na kuuzungushia kalamu mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Chini yake anaandika: *saa kumi jioni*.

Erasmus anaigeuza karatasi huku na huku. "Sasa hii ni namba gani?"

"Hiyo ni miguu yangu. Namba itafute wewe."

Erasmus anacheka, lakini anachukua rula. Anaahidi kuipeleka karatasi hiyo kwa wauzaji kama ilivyo, ingawa hajui kama wataielewa. Buti mpya zinatarajiwa mwezi wa saba.

Benedicta amemwomba jambo moja tu: zikifika, asimwite asubuhi kuja kuzijaribu.

"Niite jioni, nimeshachoka," anasema huku akiusukuma mguu ndani ya buti kumalizia zamu. "Asubuhi nitakubali chochote."